Mkate wa kumimina wa kizamani: moto juu, moto chini

Binti wa dada yangu anayeishi Muscat amenipigia simu mara nyingi kulalamika: mkate wake wa kumimina unatoka bapa, chini umeungua na katikati mbichi. Tumefuatana hatua kwa hatua mpaka tukalipata tatizo, na nimeona niandike njia ya bibi yangu wa Unguja, kwa sababu mapishi mengi yanayozunguka yanapita haraka pale panapoharibika mkate.

Mahitaji: mchele vikombe 2, nazi 2, sukari robo tatu ya kikombe, hamira kijiko 1 cha chai, hiliki, ute wa yai 1 na samli kidogo.

1. Mchele

Roweka usiku kucha, asubuhi uchuje maji yote. Tafuta mchele wa zamani, mkavu, maana mpya unanata. Unga wa mchele wa paketi usinunue. Najua unarahisisha kazi, lakini mkate wake siutambui.

2. Tui

Kuna nazi, kamua tui la kwanza kwa maji ya vuguvugu, kikombe kimoja na nusu hivi. Tui la pili weka la mchuzi. Tui la kopo nawaruhusu walio mbali tu, nao walikoroge kwanza.

3. Kusaga

Bibi alikuwa akitwanga na kuchekecha. Mimi natumia blenda, sioni thawabu ya kuumiza mabega. Saga mchele, hiliki na hamira pamoja, tui ukitia kidogo kidogo, mpaka ukisugua tone baina ya vidole usisikie chenga hata moja. Tui lisiwe la moto, litaua hamira.

4. Kuumua

Hapa ndipo simu zote za Muscat zilipotoka.

Kwanza, sukari isiingie bado. Sukari nyingi huvuta maji na hamira ikazubaa. Halafu sukari ikiyeyuka hulegeza mchanganyiko wote. Kwa hiyo kabla ya sukari unatakiwa uwe mzito kuliko uji wa mtoto, uanguke kutoka kwenye upawa kwa mafungu. Utauona mzito mno na mkono utakuwasha kuongeza tui. Usiongeze. Binti yetu aliongeza kila mara, kisha akitia sukari akabaki na maji meupe yasiyoweza kushika pumzi ya hamira, na mkate ukalala.

Pili, achana na saa. Mapishi yanasema "acha saa moja", na mchana wa kaskazi hapa Unguja saa moja inatosha kweli. Chumba chenye kiyoyozi ni habari nyingine, huenda ukangoja saa tatu. Weka bakuli ndani ya oveni iliyozimwa, taa yake tu ikiwaka. Utajua umeumuka kwa kuona uso umetuna, vipovu vinapasuka pembeni, na harufu ya uchachu mwepesi inatoka. Ukitazama ukaona umetuna kisha umeshuka, na harufu inakaba pua, umepita. Bakuli liwe kubwa, vinginevyo utafuta meza.

Bibi hakuwa na hamira ya kopo. Alitia tembo la mnazi lililoanza kuchacha, na tembo lina hamira yake ya asili. Uchachu wake ni mtamu zaidi, sibishi, lakini nguvu yake hubadilika kila siku na mwanafunzi atachanganyikiwa.

Ukishaumuka, tia sukari na ute wa yai uliopigwa kidogo. Koroga taratibu kwa mwiko, usipige kwa mashine, utatoa hewa yote uliyoingojea. Uache tena mpaka vipovu virudi, dakika 20 au zaidi. Watu wengi huruka kungoja huku kwa pili, halafu wanalaumu hamira.

5. Moto

Sufuria nzito, isiwe ya bati jepesi. Pasha samli mpaka tone la mchanganyiko likidondoka lilie, ndipo umimine wote kwa mara moja na upunguze moto.

Kwa makaa: funika, acha makaa machache tu chini. Kingo zikishika na vitundu vikianza kufunguka juu, palia makaa mengi juu ya mfuniko na chini ubakishe kidogo sana. Wanaounguza wote wanakuwa wamefanya kinyume. Mfuniko uwe bapa, na uufute majivu kabla ya kuufunua.

Kwa oveni: anzia juu ya jiko vivyo hivyo, kingo zikishika hamishia kwenye oveni iliyokwisha pata moto wa nyuzi 180 za Selsiasi, kisha mwishoni washa moto wa juu mpaka uso uwe wa dhahabu. Hakikisha mpini wa sufuria si wa plastiki. Chomeka kijiti katikati, kitoke kikavu.

6. Kukata

Upoe kabisa kwanza. Ukiukata wa moto utaganda kwenye kisu na utadhani haujaiva.

Mtu ameniuliza kama anaweza kutia vanila. Hiliki inatosha.