Jinsi ya Kutoa Tamko la Akili Mnemba Unapotuma Makala kwa Jarida

Kama uko chuo kikuu, Mlimani au Muhimbili, na Kiingereza cha makala yako umekinyoosha kwa ChatGPT, majarida mengi hayakukatazi. Yanachotaka ni useme.

Anza na maelekezo kwa waandishi ya jarida lenyewe, tena uyasome siku unayotuma. Masharti hubadilika: jarida la Science walipiga marufuku maandishi ya akili mnemba Januari 2023, wakalegeza Novemba mwaka huohuo.

Kisha rudi kwenye mazungumzo yako na programu, uorodheshe uliiomba nini na sehemu zipi ziliguswa. Kusahihisha tahajia na sarufi tu, Elsevier, wachapishaji wa majarida mengi, hawadai tamko. Zaidi ya hapo wanadai, na wanalitaka mwishoni mwa makala, kabla ya marejeo. Majarida ya tiba yanayofuata miongozo ya ICMJE, kamati ya kimataifa ya wahariri wa majarida hayo, yanataka ulitaje pia kwenye barua unayomwandikia mhariri.

Liwe wazi, kwa mfano: “Tulitumia ChatGPT kunyoosha Kiingereza cha sehemu ya mjadala. Tulipitia kila sentensi na tunawajibika kwa yote yaliyomo.” Ukiandika “ilitusaidia kidogo”, mhariri hajui lolote.

Programu isiingie kwenye orodha ya waandishi. COPE, kamati ya maadili ya uchapishaji, ilieleza Februari 2023 kwamba programu haiwezi kuwajibika kwa kazi iliyotumwa.

Kwenye marejeo, tafadhali usiwe na haraka. Programu hizi hubuni: mtafiti ni wa kweli, jarida ni la kweli, mwaka unaelekea, ila makala yenyewe haipo. Fungua DOI, yaani namba ya utambulisho ya makala mtandaoni, moja baada ya nyingine, usome ikisiri uone kama inasema ulichodai. Usipoipata, futa rejeo pamoja na dai lililoliegemea. Rejeo hewa likigundulika, tamko halitakuokoa.

Jambo linaloniuma zaidi ni mahojiano. Mama wa Buguruni au Mbagala aliyekueleza habari za ugonjwa wake aliridhia utafiti wako, hakuridhia maneno yake yapelekwe kwenye seva ya kampuni ya nje. Usiyabandike kwenye programu hizi. Tanzania tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na hata isingekuwepo, ahadi uliyompa ingetosha.

Waandishi wenza wote walisome tamko na kulikubali, ndipo uwasilishe. Na ukiombwa kuhakiki makala ya mwenzako, usiipakie kwenye programu hizo. Umekabidhiwa siri ya mtu.