Ping ikijibu, usiridhike haraka

Wenye seva moja Mbeya na nyingine Iringa, ping (amri ya kuuliza kama kompyuta nyingine ipo hewani) kujibu hakumaanishi huduma inafikika. Ping hutumia ICMP (itifaki ya kupima na kuripoti hitilafu za mtandao), hifadhidata yako inatumia TCP (itifaki ya kubeba data yenyewe), na faiawoli, yaani kichujio cha mtandao, inaweza kuruhusu moja ikazuia nyingine. Pima poti yenyewe, yaani namba ya mlango ambao huduma inasikiliza: `nc -zv -w 3 anwani 5432` kama hifadhidata ni PostgreSQL. Iweke kwenye cron (kipanga kazi cha Linux) iendeshwe kila dakika, na iandike saa ya kila jaribio.

Mvua zikianza huku kwetu na laini ikayumba, endesha `mtr -rwc 100 anwani` (huonyesha kila ruta, yaani kifaa cha kupitisha data njiani, na pakiti au vipande vya data vinavyopotea hapo) kutoka pande zote mbili, maana njia ya kwenda si lazima iwe ndiyo ya kurudi. Ukiona ruta ya katikati inapoteza pakiti lakini ya mwisho haipotezi, achana nayo. Ruta nyingi hubana tu majibu ya ICMP. Hapo ndipo wengi humpigia mtoa huduma kelele za bure.