Kupata watu wa kucheza nao D&D hapa Mtwara

Wanangu wa Mtwara, usianze kutafuta mtu anayejua Dungeons & Dragons, ile gemu ya mezani ya kutunga na kuigiza hadithi pamoja huku mnarusha dadu, ipo tangu 1974 lakini huku utasubiri sana, we tafuta mtu anayependa hadithi. Nenda kaangalie wanapocheza bao au karata, yule anayecheka hata akifungwa ndo wako huyo, na yule anayegombania kila kete muache hata kama ni mshkaji wako wa toka utoto.

Ukipata wanne inatosha, saba tayari fujo. Kabla hamjarusha dadu ya pande 20 kaeni muulizane: we unapenda mapigano, mafumbo au maongezi? Kitu gani hutaki kiguswe kwenye stori? Mi niliiruka hii, mmoja akaingiza maiti kufufuka na mwenzetu alikuwa katoka kuzika juzi tu, akaweka dadu chini taratibu akaondoka, hakurudi tena, iliniuma sana aisee.

Halafu siku. Kwenye msimu wa korosho wengi wanakuwa Newala na Tandahimba huko, kwa hiyo pangeni mapema. Anzeni na kikao kimoja, masaa matatu, stori iishe hapohapo, asiyenogewa aage bila lawama.