Jinsi ya Kuandika Taazia ya Mwanamichezo au Kiongozi wa Kusini

Siku ya mechi, Uwanja wa Nangwanda Sijaona hapa Mtwara, kusini mwa Tanzania, hufurika watu, lakini ukimuuliza kijana aliyekaa jukwaani Nangwanda alikuwa nani, huenda akakujibu kuwa ni jina la uwanja tu. Nangwanda Sijaona alikuwa waziri katika serikali ya Mwalimu Nyerere. Ikiwa aliyepewa uwanja husahaulika hivyo, beki wa timu ya mkoa ambaye hakupewa hata kichochoro atakumbukwa kwa lipi?

Tenganisha kwanza tanzia na taazia. Tanzia ni tangazo la kifo na hutolewa siku ileile. Taazia ni masimulizi ya maisha, nayo haitaki haraka. Mimi husubiri arobaini ipite, kwa sababu matangani watu husifu tu.

Anza na jina, maana hapo ndipo wengi hukosea. Kwa Wamakonde na majirani zao, kijana hupata jina jipya atokapo jandoni, hivyo mtu mmoja anaweza kuwa na jina la utotoni, la jandoni, la cheti na lile la utani alilopewa na mashabiki. Yaandike yote. Na kwa kuwa ukoo kwa desturi hufuata upande wa mama, usiwahoji watoto wa marehemu peke yao. Watafute wajomba na dada zake. Nilipomwandika golikipa mmoja wa zamani wa Newala nilimtegemea mwanawe, nikaweka jina la cheti peke yake. Dada mkubwa wa marehemu aliposomewa aliniuliza kwa upole uliouma kuliko karipio: "Mwanangu, huyu uliyemwandika ni nani?"

Wazee wetu wengi hawana cheti cha kuzaliwa, nawe usikisie mwaka. Uliza marehemu alikuwa na umri gani wakati wa tukio linalojulikana, kama kimbunga kilichoipiga Lindi mwaka 1952, Uhuru wa mwaka 1961 au Vita vya Kagera vya mwaka 1978. Ukiambiwa kwamba marehemu alikuwa mtoto wa kutambaa kimbunga kilipoezua nyumba yao, andika "alizaliwa takriban mwaka 1951".

Omba picha ya timu, ile ya safu mbili ambayo wachezaji wa safu ya mbele wamepiga goti, kisha igeuze, kwani huenda nyuma kuna majina kwa penseli. Ipige kwa simu pande zote mbili kabla hujaaga, maana unyevu wa pwani hauna huruma na karatasi. Mwombe shahidi mmoja ataje majina kuanzia kushoto, kisha umwombe mwingine peke yake, na wanapotofautiana uliza zaidi.

Sifa tupu hazimtambulishi mtu. Kusema Kelvin Kiptum wa Kenya alikuwa mkimbiaji hodari ni kidogo kuliko kusema kwamba alikimbia marathoni ya Chicago kwa saa 2 na sekunde 35 tarehe 8 Oktoba 2023, rekodi ya dunia wakati huo, akafa kwa ajali ya gari Februari 2024 akiwa na miaka 24. Kwa kiongozi, toa vyeo na miaka, wala usichanganye siku ya kifo na ya maziko: Hayati Benjamin Mkapa, Rais kuanzia 1995 hadi 2005, alifariki Dar es Salaam tarehe 24 Julai 2020 na kuzikwa kwao Lupaso, Masasi, tarehe 29. Yanayobishaniwa nayo yaingie; taazia yake isiyotaja ubinafsishaji imeruka nusu ya utawala wake.

Chanzo cha kifo cha mtu asiye kiongozi ni mali ya familia, kwa hiyo andika kile tu walichokuruhusu. Ukimaliza, wasomee kwa sauti, usahihishe, kisha uwaachie nakala ya karatasi.

Ya golikipa yule niliirudia. Sasa ina majina matatu, na dada yake aliomba la jandoni litangulie.