Kabla Hujabeba Takwimu za Bunduki Barazani

Mjadala wa bunduki huku Mombasa huzuka kwa njia mbili. Ama Marekani kumetokea mauaji ya shuleni na kila simu imejaa video, ama vijana wa panga wamevamia mtaa Kisauni na mwenye duka anauliza kwa nini yeye asipewe leseni ya bastola. Kwa vyovyote, kahawa haijapoa mtu ameshatupa namba. Haya ni ya kumwandaa huyo mtupa namba, asije akafedheheka kama nilivyofedheheka mimi.

Nilikwenda na 43. Nikasema kwa mbwembwe, kikombe mkononi, kwamba bunduki ya nyumbani ina uwezekano mara 43 zaidi wa kumuua mtu wako kuliko kumuua mwizi. Mzee mmoja, mhasibu mstaafu, akaniuliza kwa upole, "Mwanangu, hao 43 waliuliwa na nani?" Sikuwa na jibu. Nikaendelea kuguguna kashata kana kwamba sikusikia.

Jibu nililipata usiku. Namba hiyo chanzo chake ni utafiti wa Arthur Kellermann na Donald Reay uliochapishwa 1986, kuhusu vifo vya risasi vya 1978 hadi 1983 katika King County huko Marekani, yaani mji wa Seattle na viunga vyake. Walipata vifo 398 vilivyotokea ndani ya nyumba ile ile ilimokuwa ikiwekwa bunduki iliyoua. Kati yake, 333 ni watu waliojiua. Waliouawa na mtu anayejihami walikuwa 9 basi. Toa hao 9, zinabaki 389. Gawa kwa 9, unapata 43. Hesabu haina kasoro, kasoro ilikuwa ya sentensi yangu, kwa sababu katika kila 43, kama 37 hawakuuawa na mtu yeyote ila wao wenyewe. Tena mwizi aliyeona bunduki akatimua mbio hayumo popote katika hesabu hiyo. Ni sawa na kupima kazi ya soja wa usiku kwa kuhesabu wezi aliowaua, ukawasahau waliomwona wakageuza njia.

Kwa hiyo kabla ya yote, jua ndani ya namba mmefungwa nini. Marekani mwaka 2021 vifo vya risasi vilikuwa 48,830. Ukiifungua, waliojiua ni 26,328 na waliouawa ni 20,958. Waliobaki ni ajali, waliopigwa na polisi na visa visivyojulikana. Anayezungumzia majambazi hana haki ya kuitumia 48,830 nzima. Lakini na yule anayesema "hao waliojiua tuwaondoe, hawahusiki" naye simwachi, maana bunduki ndani ya kabati haichagui siku ambayo mwenye nyumba amekata tamaa. Huku kwetu kujiua husemwa kwa kunong'ona, ndiyo maana ni rahisi kuwasahau.

Angalia maneno madogo. Ile kauli kwamba risasi ndiyo inayoongoza kuua watoto wa Marekani ilipata nguvu kwa takwimu za 2020, na "watoto" humo ni wa mwaka 1 hadi 19. Wachanga chini ya mwaka mmoja wameachwa nje kwa sababu vifo vyao vina visababishi vyake. Wa miaka 18 na 19 wamo. Sasa kijana wa miaka 19 hapa Mombasa ana kitambulisho, anapiga kura, pengine anaendesha tuktuk ya watu. Kauli haiwi uongo kwa hilo, ila uitaje pamoja na umri, la sivyo msikilizaji atapiga picha ya mtoto wa chekechea.

Neno jingine ni "mauaji ya halaiki". Kwa mwaka huo huo wa 2021, FBI, shirika la upelelezi la serikali ya Marekani, ilihesabu visa 61 vya mtu kuwamiminia watu risasi hadharani, nayo Gun Violence Archive, shirika lisilo la serikali linaloorodhesha visa vya risasi huko, ikahesabu zaidi ya 680. Hakuna aliyedanganya. Hao wa pili huandika kila tukio ambalo watu 4 au zaidi wamepigwa risasi, hata kama wote wamepona, liwe ugomvi wa magenge au sherehe iliyoharibika.

Nikifika kwa upande wa wapenda bunduki, namba yao kipenzi ni milioni 2.5: eti mara zote hizo kwa mwaka Wamarekani hujihami kwa bunduki. Chukua kalamu hapa. Watafiti Gary Kleck na Marc Gertz walipiga simu kuwauliza hilo watu karibu 5,000 mwaka 1993, wakachapisha namba hiyo 1995. Watu wazima Marekani wakati huo walikuwa kama milioni 190, basi kila aliyejibu anasimama badala ya watu karibu 38,000. Wakiwa 50 tu kati ya hao 5,000 wamejitutumua, au wamesimulia kisa cha miaka mitatu nyuma kama cha mwaka jana, umeshaongeza karibu milioni 1.9. Utafiti wa serikali ya Marekani kwa waathiriwa wa uhalifu hutoa namba iliyo chini mno, takriban 100,000 au pungufu. Lakini nao humuuliza kuhusu kujihami yule tu aliyekwisha kusema alishambuliwa, kwa hiyo huenda unawakosa wengine. Mimi naamini ukweli uko karibu na ya pili. Hata hivyo sitaiapia.

Usisahau idadi ya watu. Mombasa sensa ya 2019 ilitupa watu 1,208,333. Vifo 12 vya risasi hapa vingekuwa kama 1 kwa kila 100,000. Marekani ya 2021 ilikuwa 14.6 kwa kila 100,000. Vifo vya mwaka huo vilikuwa vingi kuliko mwaka wowote uliotangulia, ila mwaka 1974 kiwango kilikuwa 16.3. Wote wawili, mwenye "haijawahi kutokea" na mwenye "tulikuwa pabaya zaidi", wana karatasi mkononi.

Mwaka wa kuanzia pia ni ujanja. Australia, baada ya watu 35 kuuawa Port Arthur mwezi Aprili 1996, ilibana sheria na kununua bunduki kama 650,000 kutoka kwa raia. Vifo vikashuka. Lakini vilikuwa vikishuka tangu kabla, basi mdai achore mstari wake kuanzia miaka ya nyuma.

Na ya kwetu? Bunduki haramu haisubiri karani wa sensa, kwa hiyo ukisikia idadi ya silaha zilizomo mikononi mwa raia Kenya, hayo ni makadirio. Aliyekatwa panga Kisauni, naye, hataonekana katika safu ya risasi.

Niliporudi barazani na karatasi ya King County, mzee aliisoma kimya. Akachomoa kalamu, akagawa 389 kwa 9 pembeni mwa gazeti lake, kisha akaagiza kahawa tungu ya watu wawili.