Msimulizi anayeficha bila kusema uongo: hatua kwa hatua

Wiki iliyopita nilikaa na kijana anayeandika riwaya yake ya kwanza ya taharuki. Msimulizi wake, mama mwenye nyumba ambaye mpangaji wake ametoweka, alikuwa akidanganya kila ukurasa. Tuliibomoa sura ya kwanza, tukaijenga upya hivi.

Hatua ya 1. Andika ukweli wote wa usiku ule, saa kwa saa, kwenye daftari. Kalamu na karatasi, si simu. Kwenye simu utafuta, na usichokijua wewe huwezi kumfichia msomaji.

Hatua ya 2. Simulia kwa nafsi ya kwanza.

Hatua ya 3. Toboa pengo. Hapa mimi niliwahi kukwama miezi mizima. Msimulizi asikane tendo, aliruke. Msomaji akirudi nyuma akakuta "sikuingia chumbani kwake" na kumbe aliingia, atajiona ametapeliwa, na ana haki. Mwaka 1926, katika riwaya ya upelelezi *The Murder of Roger Ackroyd*, Agatha Christie alimrukisha daktari anayesimulia dakika kumi tu, na zikatosha kuficha mauaji.

Kiswahili kinatupa zana mbili. Ya kwanza ni -ka-, inayounganisha vitendo hadi mshono usionekane. Ya pili ni -ika, inayomwondoa mtendaji. Tuliishia na hii:

"Nilimpelekea chai taarifa ya habari ya saa mbili ikianza. Kikombe kikavunjika. Nikafagia, nikazima taa, nikalala."

Kila neno ni kweli. Ila kati ya kufagia na kuzima taa zimepita saa tatu, na kikombe hakikujivunja. Usiandike "kikavunjwa": hapo hapo msomaji atauliza, na nani? Usirudie -ika ukurasa huohuo, wala usiipeleke kwenye kifo chenyewe. Na lazima pengo liache alama. Kwetu, sura ya sita, mtoto wa jirani anasema taa ya uani ilikuwa ikiwaka hadi saa tano.

Hatua ya 4. Mpe sababu ya kuficha. Mimi huchagua aibu kuliko ukatili. Mwenye aibu hujificha hata akiwa peke yake, kwa hiyo ukimya wake unaaminika.

Hatua ya 5. Mpe mtu asome sura ya kwanza, kisha muulize: mama alilala saa ngapi? Akijibu "saa mbili na kitu" bila kusita, pengo limekaa. Akianza kurudisha kurasa, rudi hatua ya 3.