Namna ya kuchuja uvumi wa vyuo kuhama ligi

Kwa wenzangu mnaofuata futiboli ya Kimarekani ya vyuo: wekeni ramani kando. Tangu 2024 USC na UCLA za Los Angeles za pwani ya magharibi ziko ligi ya Big Ten pamoja na Rutgers ya New Jersey, pwani ya mashariki, na Stanford ya California inacheza ACC, ligi yenye jina la pwani ya Atlantiki. Jiografia gani tena hapo?

Anza na mkataba wa televisheni. Wa Big Ten unaisha 2030, kwa hiyo maneno yatazidi kadiri mwaka huo unavyokaribia.

Kisha uliza gharama ya kutoka. Vyuo vya Florida State na Clemson viliishtaki ligi yao, ACC, vikapatana nayo Machi 2025. Ada ya kuondoka itashuka mwaka hadi mwaka, ifike dola milioni 75 msimu wa 2030-31. Mtu akikuapia Clemson inahama kesho, muulize nani analipa.

Tazama pia njaa ya chuo. SMU ya Dallas iliingia ACC ikikubali kukosa mgao wa televisheni kwa miaka tisa, matajiri wake wakaziba pengo. Wenye njaa hiyo nawaamini.

La mwisho, kasi. Habari ya USC na UCLA kuhamia Big Ten ilivuja 30 Juni 2022, ikathibitishwa siku hiyohiyo. Uvumi wa miezi sita mimi huutupa kapuni.